Magari ya umeme yaje, lakini yaje na swichi zake

Mnamo Septemba 2023, wakati wa kongamano la Afrika kuhusu tabianchi lililofanyika jijini Nairobi, Rais William Ruto aliendesha mwenyewe gari dogo la umeme hadi Jumba la Mikutano la Kenyatta. Picha hizo zilienea nchini kote, na hapa Masii zilizua mjadala mrefu kituoni mwa magari. Walikuwapo waliocheka udogo wa gari lenyewe. Wengine waliuliza iwapo lingeweza kuikwea milima ya Iveti likiwa na abiria wanne na magunia mawili ya mahindi. Swali ambalo sikulisikia likiulizwa, siku hiyo wala baadaye, ni hili ninalotaka kulijadili leo: dereva wa magari ya namna hii yanayozidi kuingia nchini atawashaje waipa?

Msomaji asidhani kwamba nafanya mzaha. Katika magari mengi mapya ya umeme, vile vitufe, swichi na vijiti tulivyovizoea vimeondolewa, na mahali pake pamewekwa skrini moja kubwa ya kugusa, mithili ya simu iliyopachikwa katikati ya dashibodi. Ukitaka hewa baridi, sharti uiguse skrini. Ukitaka kugeuza vioo vya pembeni, sharti uiguse skrini. Katika baadhi ya magari hata kasi ya waipa hupangwa papo hapo, na kijidroo cha kutilia stakabadhi hakifunguki mpaka skrini iambiwe. Kampuni ya Tesla ya Marekani ndiyo iliyoieneza fasheni hii, kwanza kwa gari lake la Model S la mwaka wa 2012 lililokuwa na skrini ya inchi 17, kisha kwa Model 3 la mwaka wa 2017 ambalo dashibodi yake imebaki kama ubao mtupu. Wenzake wa Ulaya na China wakaiga, nao wakaiga kwa pupa.

Mimi si mpinzani wa magari ya umeme. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa nchi hii hutokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua, ilhali kila lita ya petroli tunayoichoma imenunuliwa ng'ambo kwa dola. Ni busara basi kuendesha magari kwa kile tulicho nacho. Tena serikali imefanya jambo la maana kuweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari tangu mwaka wa 2023, bei ambayo hupungua zaidi usiku. Ninachokipinga ni ile dhana kwamba gari la umeme haliwezi kuwa gari la umeme pasipo skrini. Tazama pikipiki za umeme zinazobeba abiria Nairobi na Mombasa. Honi, indiketa, breki na mafuta (ikiwa bado tunaweza kuyaita mafuta) vyote viko mikononi mwa mwendeshaji, palepale vilipokuwa kwenye pikipiki ya petroli. Betri haikudai skrini. Mota haikudai skrini. Ni watengenezaji walioyafunga mambo haya mawili pamoja, nasi tukadhani yalizaliwa pacha.

Sababu yao si siri. Swichi moja yahitaji kuchorwa, kufinyangwa, kuunganishwa kwa nyaya zake na kujaribiwa maelfu ya mara, na gari lina swichi nyingi. Skrini ni moja, na kila kitu chaweza kuandikwa ndani yake kwa programu, hata baada ya gari kuuzwa. Kwa mwenye kiwanda hiyo ni nafuu kubwa. Kisha nafuu hiyo ikapakwa rangi ikaitwa usasa, na mnunuzi akauziwa upungufu kwa bei ya anasa.

Sasa tuiweke skrini hiyo kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, inayopita hapa Masii na kuelekea Wamunyu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akiinamisha macho kwa sekunde tatu tu, amekwenda mita 66, zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa kandanda, kama kipofu. Na katika mita hizo 66 za barabara yetu kuna nini? Kuna punda aliyebeba mitungi ya maji, kuna bodaboda inayochomoka kwenye njia ya mchanga pasipo kutazama kulia wala kushoto, kuna watoto wanaotoka shuleni, na kuna mbuzi, ambao hawajapata kuiheshimu sheria yoyote ya barabarani.

Kidole kinachotafuta swichi hakihitaji macho. Hujua kwa kupapasa. Nenda Wamunyu ukawatazame wachongaji wa vinyago, warithi wa ufundi ulioletwa huko na Mutisya Munge baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mchongaji hatazami mpini wa tezo yake hata mara moja; macho yote yako kwenye mti. Hata mama mzee anayetumia ile simu ndogo tunayoiita mulika mwizi hutuma pesa kwa M-Pesa gizani bila kukosea, kwa kuwa kitufe cha namba tano kina kinundu kidogo kinachokiambia kidole kiko wapi. Skrini haina kinundu. Ni laini kila mahali, na njia pekee ya kujua umegusa nini ni kutazama.

Msimu wa mvua za vuli mwaka jana, mpwa wangu alikuja kunijulia hali akiwa na gari la umeme aliloazimwa na rafiki yake. Jioni tukashika njia ya Wamunyu. Mvua ikatushukia ghafla, kama ilivyo desturi yake huku Ukambani, na kioo cha mbele kikafunikwa na ukungu ndani ya dakika moja. Kijana akaanza kuidonoa skrini. Akafungua ukurasa wa hewa, akakosa. Gari likaruka tuta, kidole kikaangukia picha ya jirani, tukaletewa ramani. Ndipo akaniambia kwa sauti ya utulivu kabisa, "Mjomba, hebu nitazamie barabara kidogo." Nikamtazamia. Hakuna aliyeumia na hakuna kilichogongwa. Lakini tangu siku hiyo najiuliza, dereva aliye peke yake garini humwomba nani amtazamie?

Katika magari niliyoyazoea maisha yangu yote, kazi ile ingefanywa kwa kuzungusha swichi moja hadi mwisho, na mkono ungerudi kwenye usukani kabla ya neno "ukungu" kutamkwa.

Wenzetu walikwisha kulipima jambo hili kwa saa na kwa mita. Mwaka wa 2022 jarida la magari la Sweden liitwalo Vi Bilägare lilichukua magari mapya 11 pamoja na Volvo V70 kuukuu ya mwaka wa 2005, likawataka madereva watekeleze shughuli nne za kawaida, kama kurekebisha joto na kubadilisha idhaa ya redio, huku wakienda kilomita 110 kwa saa. Katika Volvo hiyo yenye vitufe, shughuli zote zilikamilika kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Katika MG Marvel R, gari jipya la umeme, zilichukua sekunde 44.9, na kwa muda huo gari lilikuwa limekata mita 1,372. Tofauti hiyo yapita kilomita moja. Gari lililoshinda, msomaji, lilikuwa na umri wa miaka 17.

Huko Ujerumani mambo yalifika mahakamani. Dereva wa Tesla aliyekuwa akitafuta kasi ya waipa kwenye skrini wakati wa mvua kubwa alitoka barabarani na kugonga miti. Mwaka wa 2020 Mahakama Kuu ya Karlsruhe ilithibitisha faini yake ya euro 200 na marufuku ya kuendesha kwa mwezi mmoja, ikishikilia kwamba skrini ni kifaa cha kielektroniki hata kama kimefungwa ndani ya gari na hata kama kinatumiwa kwa kazi ya gari lenyewe. Uamuzi huo naukubali kwa upande mmoja na kuukataa kwa upande mwingine. Ni kweli kwamba dereva alitazama pasipostahili. Lakini ni nani aliyemwekea waipa mahali pasipostahili kutazamwa? Huyo hakutozwa hata senti.

Sheria yetu wenyewe ina mkanganyiko kama huo. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka wa 2016 zamtoza shilingi 2,000 dereva anayetumia simu ya mkononi gari likiwa mwendoni. Ni vyema. Lakini askari yuyo huyo akikutana na gari lenye skrini inayozidi simu hiyo mara tano kwa ukubwa, na dereva anaibonyeza kwa bidii, atalipisha gari lipite na pengine atalisifu.

Watakaodhani kwamba haya ni malalamiko ya watu wazima wasiopenda mageuzi wakumbuke manowari ya Marekani, USS John S. McCain. Mnamo Agosti 21, 2017, karibu na Singapore, manowari hiyo iligongana na meli ya mafuta na mabaharia 10 wakafa. Ilikuwa imefungwa mitambo ya usukani na mwendo inayoongozwa kwa skrini, na mabaharia, ambao mafunzo yao yalikuwa haba, walichanganyikiwa wasijue ni kituo kipi kilichokuwa kikiiongoza meli. Baada ya uchunguzi, jeshi la majini la Marekani lilitangaza mwaka wa 2019 kwamba litarejesha wenzo wa kushikwa kwa mkono. Hilo ni jeshi lisilokosa pesa za kununulia skrini.

Nao watengenezaji wa magari wameanza kurudi nyuma kimyakimya. Volkswagen, ambayo gari lake la umeme la ID.3 lilikuja na vitelezo vya kugusa visivyowaka hata taa usiku, imekiri kwamba ilikosea na imeahidi kurejesha vitufe. Tesla iliondoa kijiti cha indiketa katika Model 3 la mwaka wa 2023 na kuweka vitufe juu ya usukani. Jaribu kukitafuta kitufe hicho ukiwa ndani ya raundabauti, usukani umegeuzwa juu chini! Model Y iliyotoka mwaka wa 2025 ilikuwa na kijiti chake. Na shirika la Euro NCAP, linalopima usalama wa magari yanayouzwa Ulaya, limetangaza kwamba kuanzia mwaka huu wa 2026 gari lisilokuwa na swichi halisi za indiketa, taa za hatari, waipa, honi na wito wa dharura litapoteza alama. Euro NCAP haitungi sheria, lakini hakuna kampuni ipendayo kunyimwa nyota zake tano.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Ulaya ikisharudia swichi, yale magari yaliyotengenezwa katika kipindi hiki cha ulevi wa skrini yatakwenda wapi? Sisi tunalijua jibu, maana ndiyo historia ya barabara zetu. Magari mengi tunayonunua yametumika ng'ambo kwanza, hasa Japani, na sheria yaturuhusu kuyaingiza mradi umri wake hauzidi miaka minane. Yatakuja Mombasa, yatafika Nairobi, na baada ya mwenye nacho wa Nairobi kuyachoka, yatafika Masii.

Tena tumekwisha kuonjeshwa adha hiyo. Ni nani asiyewahi kuingia katika gari lililotoka Japani, likamsalimu kwa Kijapani, likamwonya kwa Kijapani, na kumwonyesha ramani ya miji asiyoijua? Redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90, kwa hivyo mwenyeji wa Masii alilazimika kumlipa fundi aongeze kifaa ndipo aipate Musyi FM. Tulicheka tukavumilia, kwa sababu lugha ile ngeni iliishia kwenye redio. Waipa haikuwa na lugha. Taa hazikuwa na lugha. Kijiti kilisukumwa juu au chini, na Mjapani na Mkamba wakaelewana. Sasa fikiria gari ambalo taa, waipa na kipepeo cha kioo vyote vimo ndani ya kurasa za Kijapani au Kichina. Nissan Leaf za kwanza zilizoletwa nchini zilikuwa na skrini za Kijapani, na afadhali vitufe vya mambo muhimu vilibakia nje.

Jambo la pili ni uzee wa skrini zenyewe. Mwaka wa 2021 Tesla iliyaita karibu magari 135,000 ya Model S na Model X huko Marekani, kwa kuwa kijisehemu cha kumbukumbu ndani ya kompyuta ya skrini kilikuwa kikichakaa. Wakuu wa usalama barabarani wa nchi hiyo walieleza kwamba kingedumu miaka mitano au sita hivi. Skrini ilipozimika, ilizimika pamoja na kamera ya kurudia nyuma na uwezo wa kuondoa ukungu kiooni. Linganisha sasa: miaka mitano au sita ya uhai, na miaka minane ya kuruhusiwa bandarini. Mmarekani aliitiwa gari lake likatengenezwa bure. Mnunuzi wa mkono wa tatu hapa Masii ataitwa na nani?

Swichi ya waipa ikiharibika, fundi wa jua kali huifungua, huisafisha, akishindwa hutuma mtu Kirinyaga Road, Nairobi, akarudi jioni na nyingine iliyotolewa kwenye gari lililokufa. Skrini haifanyiwi hivyo. Aghalabu imefungamanishwa na kompyuta ya gari lake, na iliyong'olewa kwenye gari jingine haitambuliwi mpaka programu ya kiwandani ikubali. Fundi aliyelea watoto wake kwa ujuzi wa mikono ataambiwa kwamba mikono yake haina kazi tena, na mwenye gari ataambiwa atafute tingatinga la kulivuta hadi Nairobi.

Tena tunajua umuhimu wa kuwa na njia ya pili mtambo unapogoma. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, vifaa vya KIEMS vilipokataa kufanya kazi Kakamega na katika sehemu fulani za jirani zetu wa Makueni, tume ya uchaguzi iliruhusu sajili ya karatasi, na watu wakapiga kura. Karatasi ilikuwapo. Ndani ya gari, swichi ndiyo karatasi yetu.

Nimeambiwa kwamba hayo yote yatatatuliwa kwa sauti: dereva atasema, gari litatenda. Nakubali kwamba vifaa hivyo vipo. Lakini vingi vyataka intaneti, na ziko bonde baina ya hapa na Wamunyu ambamo hata simu hupoteza mtandao. Na sijakutana na gari linaloelewa Kiswahili chenye lafudhi ya Kikamba. Wala sidai skrini zitupwe. Ramani na picha ya kamera ya nyuma hupendeza kwenye skrini kuliko mahali pengine popote.

Ninachodai ni kidogo. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lina kiwango chake cha ukaguzi wa magari, KS 1515, kile kinachoweka ukomo wa miaka minane na kudai usukani wa kulia. Kiongezwe kifungu kimoja: waipa, taa, indiketa, taa za hatari, honi na kipepeo cha kuondoa ukungu viwe na swichi zake zinazoshikika. Tusiambiwe kwamba soko letu ni dogo mno kuweka masharti. Waliotaka kutuuzia magari ya usukani wa kushoto waliambiwa hapana, nao wakatii. Na marehemu John Michuki alipowaamuru wenye matatu mwaka wa 2004 wafunge mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, waliapa kwamba haiwezekani, wakagoma, kisha wakavifunga.

Wakaguzi wanaofanya kazi kwa niaba ya KEBS huyapima magari huko huko Japani kabla hayajapakiwa melini. Wapewe jaribio moja zaidi. Mkaguzi aketi katika kiti cha dereva, afumbe macho, kisha awashe waipa, taa, indiketa, taa za hatari na kipepeo cha kioo, na apige honi. Haitamchukua dakika moja. Gari litakalomlazimu afumbue macho libaki Yokohama.